Sheki ya Protini Iingie Ndani ya Hesabu, Isikae Juu Yake

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana mliofika, asanteni kwa kuitika. Tuliwaomba mje na makopo yenu ya unga wa protini, na tunaona wengi mmeyabeba. Yawekeni miguuni kwanza, tutayahitaji baadaye.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nikinywa hii, nitapungua?" Hebu tulijibu mapema ili tusipotezeane muda. Hapana. Unga wa protini hauchomi mafuta. Ni chakula, kama yai lilivyo chakula, na kila gramu ya protini ina kalori 4, sawasawa na gramu ya wanga. Mtu anayeendelea kula vilevile alivyokuwa akila, kisha akaongeza vikombe viwili vya sheki kila siku, ataongezeka uzito. Wengi wanaokuja wakilalamika kwamba unga "umewanenepesha" wamefanya hivyo hasa: walichokunywa kilikaa juu ya chakula chao, hakikuchukua nafasi ya kitu chochote.

Kinachopunguza mafuta ni kula nishati pungufu kuliko ile mwili unayotumia. Sheki ina kazi nyingine, na kazi hiyo ni kubwa: kulinda misuli wakati mafuta yanapopungua.

Tuieleze vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Mwili ukipewa nishati pungufu hula akiba yake. Akiba kubwa ni mafuta, lakini mwili hauishii kwenye mafuta. Misuli nayo huvunjwa, hasa isipotumika na isipoletewa protini ya kuijenga upya. Mtu anaweza kupungua kilo 10, na robo ya kilo hizo isiwe mafuta. Mizani itamfurahisha, lakini atajikuta mlegevu, anachoka haraka kwenye ngazi, na umbo alilolitamani halijaja. Uzito ukirudi baadaye, mara nyingi hurudi kama mafuta, si kama misuli iliyopotea.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 4. Vijana wa kiume wenye uzito uliozidi walilishwa chini ya mahitaji yao kwa asilimia 40, huku wakifanya mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Kundi moja lilikula protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, jingine gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli yao ikabaki karibu ilivyokuwa. La pili lilipoteza mafuta kilo 4.8, na uzito usio wa mafuta ukaongezeka kilo 1.2. Hatuwashauri muishi kwa ukali ule. Ulikuwa wa wiki 4 tu, chini ya uangalizi. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha protini na mazoezi ya nguvu vikifanya kazi pamoja. Ukiondoa mazoezi, sehemu kubwa ya faida hiyo unaiacha.

Protini ina faida nyingine mbili ndogo zaidi. Inashibisha kuliko wanga na mafuta kwa kalori zilezile. Tena mwili hutumia nishati nyingi kuisaga: katika kalori 100 za protini, 20 hadi 30 huishia kwenye kazi ya kumeng'enya, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10, na kwa mafuta ni 3 au chini yake. Lakini msiipigie hesabu faida hii ya pili mkaanza kujizawadia chakula. Kwa sheki moja ni kalori kama 25, tonge moja tu.

Sasa, kiasi. Kwa mtu mzima mwenye afya anayepunguza mafuta na kufanya mazoezi ya nguvu, gramu 1.6 kwa kilo kwa siku zinatosha vizuri, na akifika 2.2 hajakosea. Ile gramu 0.8 mnayoisoma kwenye vitabu vya afya ni kiwango cha kumkinga mtu wa kawaida asipungukiwe. Haikupangwa kwa ajili ya mtu aliye kwenye nakisi ya kalori, yaani anayekula pungufu kuliko mwili unavyotumia. Mwenye uzito mkubwa asizidishe kwa uzito alionao leo, atapata namba isiyolika. Azidishe kwa uzito anaoulenga.

Tuchukue mtu wa kilo 95 anayelenga 75. Mara 1.6, anahitaji gramu 120. Sasa tuangalie sahani yake. Mayai mawili yana gramu 12. Kifua cha kuku kilichoiva, gramu 150, kina kama 45. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Glasi ya maziwa ya mililita 250, gramu 8. Hapo tuko 80. Mkate, wali, mboga na mengineyo vitaleta kama 15 kwa siku nzima. Jumla 95. Pengo ni gramu 25, nalo ni kijiko kimoja cha unga, kile cha ndani ya kopo. Kimoja tu. Hakuna sababu ya kunywa vitatu kwa sababu kopo limeandika "mara tatu kwa siku"; aliyeandika maneno hayo hajui umekula nini. Fanyeni hesabu hii ya siku moja ya kawaida, kwa kupima kweli na si kwa kukisia, kabla ya kununua chochote. Wapo watakaogundua hawana pengo, na hao fedha zao zibaki mfukoni.

Tuingie ndani ya kikombe chenyewe. Gramu 30 za unga wa kawaida zikichanganywa na maji zina kalori 120 hivi na protini gramu 24. Hiyo ndiyo sheki ya mtu anayepungua. Sasa angalieni inavyoharibiwa kwa nia njema. Maji yanaachwa, yanawekwa maziwa yasiyoondolewa mafuta, mililita 300: kalori 190. Ndizi moja: 105. Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga: 190. Kijiko cha asali: 65. Shayiri ya uji, gramu 40: 150. Jumlisheni na unga wenyewe. Ni kalori 820. Kila kilichomo ni chakula kizuri, na mtu mwembamba anayetaka kuongezeka tungempa kikombe hichohicho kwa moyo mweupe. Lakini aliyepanga nakisi ya kalori 500 kwa siku ameifuta yote kwa kinywaji kimoja, tena amekinywa kwa dakika tano, kisha saa moja baadaye anatafuta chakula cha mchana.

Hilo la njaa kurudi lina sababu. Kinywaji hupita tumboni haraka na hakitafunwi, kwa hiyo hakishibishi kama chakula kigumu chenye kalori zilezile. Ndiyo maana tunasema chakula cha kutafuna kije kwanza, sheki ijaze pengo. Ukitaka sheki ishibishe zaidi, ifanye nzito bila kuongeza kalori nyingi: isage na barafu nyingi, au koroga gramu 10 za mbegu za chia, kalori kama 50, uiache dakika 15 mbegu zivimbe. Kisha inywe polepole, hata kwa kijiko.

Na sheki ikae wapi kwenye siku? Mahali penye tundu. Kwa wengi tundu ni asubuhi, ambapo wanakula chai na kitu cha ngano na protini haifiki gramu 10. Kwa wengine ni saa ile ya alasiri wanapokamata chochote kilicho karibu. Kama asubuhi yako ilikuwa na kalori 500 na sasa unakunywa sheki ya maji na tunda, kalori 220 hivi, umepata nakisi ya 280 bila kugusa milo mingine. Huko ndiko kubadilisha. Usibadilishe zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa unga mtupu, kwa sababu unga hauna nyuzinyuzi, hauna mafuta muhimu, na vitamini na madini yake si kamili.

Hatusemi haya kuwatisha bure. Katika miaka ya 1970 ilizuka Marekani desturi ya kuishi kwa protini ya kimiminika peke yake, iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za wanyama, kwa kalori chache mno kila siku kwa wiki na miezi. Makumi ya watu walifariki, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika, na mwaka 1977 serikali ya nchi hiyo ilitoa onyo. Ile ilikuwa kolajeni. Kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino, yale matofali yanayojenga protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Leo kolajeni inauzwa tena kwenye makopo mazuri. Anayeitumia kwa ngozi au viungo shauri yake, ila gramu zake asizihesabu kwenye zile 120.

Nakisi nayo iwe ya kibinadamu. Kalori 300 hadi 500 kwa siku zinatosha. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi, kwa hiyo nakisi ya 500 kila siku inakupa karibu nusu kilo kwa wiki. Kupungua nusu hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki ya kwanza unaweza kuona kilo mbili zimeondoka. Usishangilie sana, sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga kama glikojeni, na kila gramu yake hushikana na gramu kama 3 za maji. Ukila kidogo, glikojeni hupungua na maji huondoka nayo. Wiki ya tatu mwendo unapopoa, wengi hudhani sheki imeacha kufanya kazi, wakaenda kununua kopo jingine la aina tofauti.

Haya, makopo. Geuzeni upande wenye jedwali la lishe, achaneni na picha ya mbele.

Tafuteni namba mbili: uzito wa kipimo kimoja, na protini iliyomo kwenye kipimo hicho. Gawanya protini kwa uzito, zidisha kwa 100. Gramu 24 ndani ya 30 ni asilimia 80, na hiyo ni wei konsentreti nzuri. Wei ni yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Yakichujwa na kukaushwa ndiyo huwa unga huu. Aisoleti, ambayo imechujwa zaidi, hufika 85 hadi 90. Mkipata asilimia 60 au chini, jiulizeni kilichojaza nafasi iliyobaki. Na kama kipimo kimoja ni gramu 100 au 150 na protini ni 25 hadi 50 tu, hicho ni unga wa kunenepesha. Kinachoujaza ni sukari au maltodekstrini, wanga unaosagika haraka kama sukari. Unafanana na mwingine kwa rangi na harufu, na mara nyingi huuzwa kwenye rafu moja, ila kwa kazi yenu haufai hata kidogo.

Kisha someni orodha ya viambato. Kuna udanganyifu ambao ni vigumu kuuona. Vipimo vya kawaida vya maabara havipimi protini yenyewe, vinapima nitrojeni, kisha namba inazidishwa ili kukadiria protini. Mtengenezaji asiye mwaminifu huongeza vitu vya bei nafuu vyenye nitrojeni, kama glisini au taurini, na namba ya protini inapanda bila protini kamili kuwepo. Mlango huohuo ndio uliopitishiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa ya watoto kule China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008. Kwa hiyo ukiona glisini au taurini zimetajwa ndani ya "mchanganyiko wa protini", rudisha kopo. Kama lebo imeorodhesha asidi amino, angalia leusini: katika wei halisi huwa kama asilimia 10 ya protini, yaani gramu 24 za protini ziwe na leusini isiyopungua sana 2.4. Anayeshindana kwenye michezo yenye upimaji wa dawa atafute alama ya mpimaji wa nje, kama Informed Sport au NSF Certified for Sport, kwa sababu unga unaweza kuchafuliwa kiwandani na vitu vilivyokatazwa.

Tumbo likijaa gesi, likisokota au kuhara baada ya wei konsentreti, mshukiwa wa kwanza ni laktosi, sukari ya maziwa. Jaribu aisoleti, ambayo huwa na laktosi chini ya asilimia moja. Lakini mwenye mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa: mzio unatokana na protini yenyewe, na aisoleti ni protini hiyohiyo iliyosafishwa zaidi. Huyo asiiguse. Atumie soya, au mchanganyiko wa njegere na mchele. Njegere imepungukiwa asidi amino iitwayo methionini na mchele umepungukiwa nyingine iitwayo lisini, zikikutana zinafidiana. Unga wa mimea una leusini kidogo kuliko wei, basi chukua gramu 30 hadi 35 za protini pale ambapo ungechukua 25 za wei.

Wakati mwingine laktosi inasingiziwa. Wei hutoa povu jingi ikitikiswa, na anayeinywa papo hapo anameza hewa. Iache dakika tano, povu litulie, uone kama tatizo linabaki. Vitamu vya jamii ya sorbitoli navyo huleta gesi.

Kuchanganya kwenyewe kuna utaratibu. Kimiminika kitangulie, mililita 250 hadi 300 za maji baridi, ndipo unga. Ukianza na unga, utaganda chini ya chupa na hautatoka. Tikisa sekunde 30. Pima unga kwa mizani ya jikoni angalau wiki ya kwanza, maana kijiko cha ndani ya kopo ni kipimo cha ujazo: kikishindiliwa kinabeba zaidi ya kilichoandikwa, kikichotwa kilegevu kinabeba pungufu. Ukitaka ya moto, usimwagie maji yanayochemka moja kwa moja. Wei huganda kama yai na kuwa mabonge. Haipotezi lishe, ila hainyweki. Koroga kwanza na maji baridi kidogo hadi iwe rojo, kisha ongeza maji ya moto yaliyopoa kiasi. Na kamwe msimeze unga mkavu kama baadhi ya vijana wanavyoshindana. Unapaliza, na unaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Sheki iliyokwisha kuchanganywa ni sawa na maziwa. Kwenye joto la chumba isizidi saa mbili, kwenye jokofu isizidi siku moja. Chupa ioshwe hapohapo, na ile pete ya mpira ya kifuniko itolewe, huko ndiko harufu inakojificha.

Kuhusu saa ya kunywa hatutasema mengi. Ile nusu saa baada ya mazoezi imekuzwa mno. Dirisha ni la saa kadhaa. Gawanya protini yako kwenye milo mitatu au minne, kila mmoja gramu 25 hadi 40, imetosha. Waliovuka miaka 60 waelekee kwenye 40, kwa sababu misuli ya mzee huitikia kwa uvivu kipimo kidogo.

Mazoezi ya nguvu yawe siku mbili au tatu kwa wiki, yaguse miguu, kifua, mgongo na mabega, seti 2 hadi 4 za kila zoezi, kila seti iishie pale ambapo ungeweza kurudia zoezi mara moja au mbili tu zaidi. Andika uzito unaoubeba. Daftari hilo litakuambia kuliko mizani. Kama uzito wa mwili unashuka na vyuma unavyobeba havishuki, misuli yako ipo salama. Kama vyote vinashuka pamoja kwa wiki mbili tatu, nakisi yako ni kali mno au hulali vya kutosha, na kuongeza sheki hakutaponya hilo, ongeza chakula.

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya kula, na ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Kiuno kipime mara moja kwa wiki kwa utepe, usawa wa kitovu. Wastani usiposogea wiki tatu, usikimbilie kula nusu. Pima mafuta ya kupikia kwanza, kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Angalia vinywaji, angalia Jumamosi na Jumapili, angalia kama maziwa na asali havijarudi kwenye sheki kimyakimya. Usipokuta kitu, ondoa kalori 150 hadi 200, uanzie kwenye wanga au mafuta. Protini iache.

Choo kikiwa kigumu, na hutokea sana, mara nyingi ni kwa sababu sheki imesukuma nje mboga na matunda. Rudisha nyuzinyuzi hadi gramu 25 au 30 kwa siku, na maji.

Wapo ambao hatutaki waanze kabla ya kuonana na daktari wao, na hili tunalisema kwa uzito wote. Mwenye ugonjwa wa figo: figo nzima humudu protini hii, lakini figo zilizoharibika mara nyingi huamriwa protini kidogo kuliko hata kawaida. Na wapo wenye ugonjwa huo wasioujua, hivyo mwenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu apime figo kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kuitoa: akipunguza chakula bila kurekebishiwa dawa, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Anayemeza levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson: protini hushindana nayo kufyonzwa, kwa hiyo nafasi kati ya dawa na sheki ipangwe. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambapo mwili haumudu asidi amino moja ya protini, asiguse unga huu bila mtaalamu wake. Mjamzito na anayenyonyesha wasijiingize kwenye nakisi ya kalori kwa uamuzi wao wenyewe. Na mtu ambaye chakula kimekuwa vita ndani yake, anayejinyima kisha kufakamia, hesabu hizi zinaweza kumzidishia maumivu. Aje tuongee naye pembeni, bila haraka.

Sasa chukueni kalamu. Kila mmoja aandike uzito anaoulenga, mara 1.6, na chini yake aliyokula jana, asubuhi hadi usiku. Tutapita meza kwa meza tusome lebo za makopo yenu pamoja nanyi.